Sura ya Sita: Presha Inayopotelea Njiani

Malalamiko huwa ni yaleyale. Kijana yuko juu, ghorofa ya sita, anapitisha fimbo ya mashine ukutani na ukungu mweusi hautoki. Anapiga simu chini: "Bosi, mashine imechoka." Bosi anaisogelea mashine, anatazama geji iliyo kwenye pampu, inasoma baa 200 kama siku zote. Anahisi sili zimeisha, anamwita fundi. Fundi anafungua pampu, anabadilisha sili ambazo bado nzima, analipwa, anaondoka, na ukungu uko palepale. Katika heka heka zote hizo hakuna aliyeutazama mpira. Umelala chini tangu asubuhi, haupigi kelele, hauna geji, na wengi wanaamini kwamba mpira ni mpira tu.

Kwa anayeosha gari moja moja mbele ya nyumba yake, imani hiyo haina madhara. Anatumia mita 8 au 10 zilizokuja ndani ya boksi, kazi inaisha. Lakini anayelipwa kuosha jengo, yadi ya malori au uwanja wa vitofali vya pevingi anafanya kazi mbali na mashine yake. Yeye ananunua urefu, na urefu una bei isiyoandikwa kwenye risiti.

Pampu za mashine hizi ni za pistoni. Kila mzunguko zinasukuma kiasi kilekile cha maji, uwe umefunga mpira wa mita 10 au wa mita 100. Pampu yenyewe haitengenezi presha. Inasukuma maji, na presha inazaliwa pale maji yanapozuiwa. Nozo inayazuia kwa makusudi, ndiyo kazi yake. Mpira nao unayazuia bila kuombwa: ukuta wake wa ndani unayasugua maji njia nzima, na kila baa inayoliwa na msuguano huo haitafika kwenye nozo. Geji ya kwenye pampu haikuonyeshi hasara hiyo, kwa sababu iko mwanzo wa safari.

Chukua mashine ya kawaida ya kazi, lita 15 kwa dakika, baa 200, ile ambayo dukani itaitwa ya psi 3,000. Ifungie mpira wa mita 30 wenye tundu la inchi 3/8. Utapoteza baa 4 au 5 na hutazihisi mkononi. Sasa fungua huo, funga wa urefu uleule wenye tundu la robo inchi, mwembamba kama ule unaokuja na mashine za nyumbani. Hapo zinakwenda baa 30. Refusha hadi mita 90: wa inchi 3/8 unakula baa 14 hivi, wa robo inchi unadai baa 90. Karibu nusu ya nguvu uliyoilipia inaishia kwenye mpira, na mpira wenyewe hauoshi kitu.

Ukiyaweka matundu hayo mawili mbele ya macho, tofauti yake ni kama milimita 3. Ndiyo maana watu wanalipuuza jambo hili. Ila msuguano wa maji haufuati hesabu ya jicho: tundu likipanuka mara moja na nusu, hasara inashuka karibu mara saba. Kwa upande wa pili, ukipitisha maji maradufu kwenye mpira uleule, hasara inapanda zaidi ya mara tatu. Wahandisi wamelifahamu hili tangu karne ya 19. Henry Darcy, Mfaransa aliyewafikishia watu wa Dijon maji safi mwaka 1840, alipima mabomba ya kila aina na kuchapisha matokeo yake mwaka 1857. Kanuni tunayoitumia mpaka leo ina jina lake na la Mjerumani Julius Weisbach.

Kinachosingiziwa zaidi ni kimo. Mafundi wengi watakuambia kwamba maji "yanachoka kupanda". Maji yanapanda kwa bei nafuu sana: kila mita 10 za kwenda juu zinagharimu baa 1. Jengo la ghorofa kumi, lenye kimo cha mita 30 na kitu, litakula baa 3. Mpira wa robo inchi uliotandazwa chini kwenye sakafu tambarare, kwa mita 30 hizohizo, umekula mara kumi ya hapo.

Kwa hiyo namba ya kwanza ya kuitafuta unapochagua mpira mrefu ni lita kwa dakika. Presha inafuata. Presha inakuambia mpira uwe na nguvu kiasi gani ili usipasuke. Lita ndizo zinazokuambia tundu liwe pana kiasi gani. Mashine ndogo ya lita 8 inaweza kutumia robo inchi kwa mita 15 bila kelele, hata 30 kwa kujikaza. Kuanzia lita 10 hadi 20, inchi 3/8 ndiyo ya kazi. Ukifika lita 30, zile mashine za injini kubwa zinazobebwa kwenye trela, inchi 3/8 kwa mita 90 itakula baa 45, wakati nusu inchi itakula 11 au 12. Watu wanaukwepa wa nusu inchi kwa sababu ni mzito na mgumu kukunja, na kwa kazi fupi wana haki. Kwa kazi ndefu hawana.

Kabla hujanunua hizo mita 90, jiulize kama urefu unauweka mahali pake. Kati ya chanzo na ukuta kuna njia tatu zinazoweza kurefushwa: waya wa umeme, mpira wa kuleta maji kwenye mashine, na mpira wa presha. Vijana wengi wakiambiwa kazi iko mbali hurefusha mbili za kwanza, kwa sababu waya na mpira wa bustani ni rahisi. Hapo ndipo mashine zinapokufa.

Waya kwanza. Mota ya kilowati 2.2 ya fezi moja inavuta ampea 12 hivi. Ipe mita 50 za waya wa milimita za mraba 1.5, utapoteza volti 14 njiani, na hiyo ni mota ikiwa imeshazunguka. Wakati wa kuwaka inavuta zaidi. Kama umeme wa mtaa wenyewe umeshuka jioni, mota inapata moto, inanguruma bila kuanza, mwisho koili inaungua. Bei ya kuisuka upya haitofautiani sana na bei ya mpira mzuri.

Maji ya kuingia ni hadithi ndefu kidogo, hasa kwetu ambako bomba la mtaa halitegemewi na maji hutoka kwenye simtanki. Simtanki likiwa juu ya stendi ya mita 3, presha yote uliyonayo ni baa 0.3. Sasa vuta mpira wa bustani wa nusu inchi kutoka hapo hadi kwenye mashine iliyo mita 30 mbali. Ili lita 15 zipite kwa dakika kwenye mpira huo unahitaji baa 1.1, yaani simtanki liwe mita 11 hewani. Haliko huko. Pampu inataka lita 15, inapata pungufu, inaanza kuvuta hewa na utupu. Utaisikia: inakohoa, mpira unatetemeka, fimbo inapiga kwa kukatakata. Ikiendelea hivyo, vali na sili zinaliwa kweli, na safari hii fundi atakuwa na haki ya kufungua pampu.

Dawa yake ni mojawapo ya mbili. Tumia mpira wa robo tatu inchi upande wa kuingilia, ambao kwa kimo kilekile cha stendi unapitisha maji hayo hata mita 50. Au, bora zaidi, weka pipa la lita 200 kando ya mashine, lijazwe polepole na mpira wowote ulionao, na mashine inywe kutoka kwenye pipa kupitia mpira mfupi mpana wenye chujio. Pipa linakupa dakika 13 za kazi hata maji yakikatika kabisa, na linakutuliza moyo.

Mashine ilale karibu na maji na umeme, basi. Kinachosafiri ni mpira wa presha. Ndio pekee kati ya hizo tatu ambao, ukiwa na tundu sahihi, unaweza kwenda mbali bila kuua kitu.

Dukani sasa. Ukipita Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road jijini Nairobi, utaonyeshwa mipira ya kila rangi na utaambiwa yote ni orijino. Usibishane. Soma maandishi yaliyochapwa ubavuni. DN 6 ni robo inchi, DN 8 ni inchi 5/16, DN 10 ni inchi 3/8, DN 12 ni nusu inchi. Herufi WP zikifuatiwa na namba ni presha ya kufanyia kazi. Hiyo ndiyo ya kuilinganisha na mashine yako, wala si ile ya kupasukia ambayo muuzaji hupenda kuitaja kwa sababu ni kubwa. Mipira mingi huwa na tarehe pia, kwa mfano 2Q21, maana yake robo ya pili ya mwaka 2021. Mpira uliokaa miaka mingi kwenye ghala la bati unaonekana mpya mpaka uukunje.

Halafu omba uone ncha iliyokatwa. Ndani ya raba kuna wavu wa waya wa chuma. Wavu mmoja kwa tundu la inchi 3/8 kwa kawaida huandikwa psi 4,000, kama baa 275. Nyavu mbili psi 6,000, zaidi ya baa 400. Kwa mashine ya baa 200, wavu mmoja unatosha. Wauzaji watakusukumia wa nyavu mbili kwa hoja ya uimara, na kwa yadi ya malori ambako magari yanaupanda kutwa nzima nakubaliana nao. Kwa jengo refu sikubaliani. Mita 30 za wavu mmoja zikijaa maji zina uzito wa kilo 12 hivi. Za nyavu mbili ni 17. Anayevuta ni binadamu, na jioni bega lake ndilo linaloamua kama ghorofa ya mwisho itaoshwa vizuri au itapitiwa juujuu.

Wapo wanaokata mpira wa haidroliki wa matrekta na kuubana vichwa. Unastahimili presha bila shida. Shida zake ni mbili: ni mzito, na ngozi yake nyeusi huchora. Ukiuburuta kwenye ngazi za marumaru au juu ya ukuta mweupe uliouosha punde, utaacha mistari ambayo mwenye nyumba ataiona kabla hajaona usafi. Mipira ya kuoshea yenye ngozi ya kijivu au bluu imetengenezwa isiache alama. Naihesabu hiyo kuwa gharama ya lazima kwa anayeingia ndani ya geti za watu. Na kama mashine yako ni ya maji ya moto, angalia nyuzi joto zilizochapwa ubavuni. Mipira ya plastiki ya bei rahisi inalainika na kuvimba kama chapati.

Nunua vipande vya mita 30, usinunue vya 10. Kila kiungio ni mahali pa kuvuja, pa kukwama kwenye kona, na pa kusahaulika. Ila usinunue kipande kimoja cha mita 90 pia: siku kikitoboka katikati, kazi imesimama, na kukibeba peke yake ni adhabu.

Kipande cha mwisho kinachoingia kwenye bunduki kina mjadala wake. Wengi hupenda mita kadhaa za mpira mwembamba laini mwishoni ili kiganja na kiwiko vipumzike, na ni wazo zuri, lakini piga hesabu: mita 5 za robo inchi, kwa lita 15, zinakula baa 5, sawa na mita 30 za inchi 3/8. Mita 2 zinatosha kabisa kwa mkono. Au tumia inchi 5/16.

Kutandaza ni kazi ya nusu saa ambayo wenye haraka huifanya kwa dakika tano. Tuseme jengo ni la ghorofa nane na mashine iko nyuma, kwenye tangi la chini. Mpira unapandishwa ukiwa mtupu, kwa kamba. Hauvutwi kwa fimbo wala kwa kiungio. Ukishafika juu, unafungwa kwenye kitu kisichong'oka, na kinachofungwa ni mwili wa mpira, kwa kamba pana au mkanda uliozungushwa mara kadhaa, chini kidogo ya ukingo wa paa, ili uzito wote uning'inie hapo. Ukiacha uzito huo uvutwe na kichwa kilichobanwa, waya zinaanza kukatika ndani ya kichwa, mahali ambapo hupaoni. Kwenye ukingo wa zege weka kipande cha tairi kuukuu. Zege linakula raba haraka kuliko unavyodhani, maana kila ukiachia na kubana bunduki mpira unashtuka na kujisugua. Chini, panapopita bodaboda na magari, laza mbao mbili sambamba na mpira upite katikati yake.

Kabla ya kufunga nozo, fungua maji na uyaache yatoke mpaka hewa yote iishe. Kwenye mita 90 za inchi 3/8 mnaingia lita 6 na kitu, si muda mrefu. Baada ya hapo funga nozo, washa, na utembee njia nzima ukitazama viungio.

Nozo yenyewe huenda ikabidi ibadilike, na hili wengi hawaambiwi. Nozo ya kijani yenye maandishi 2505 maana yake ni nyuzi 25 za mtawanyiko na tundu namba 05. Mashine ya lita 15 kwa baa 200 kwa kawaida huja na namba 045. Nozo hiyo ikidai baa zake 200 na kidogo, na mpira wa mita 90 ukadai 14 zake, jumla inapita kiwango ilichowekewa mashine. Hapo valvu ya kurudishia maji, ambayo mafundi huiita anloda, inafunguka na kugeuza sehemu ya maji irudi nyuma. Kijana wa juu anapata presha pungufu na maji pungufu kwa pamoja. Weka namba 05 na lita zote 15 zitapita, ukutani kukiwa na baa 170 hivi, mashine ikifanya kazi kwenye 184 bila valvu kugongagonga. Kwa uchafu mwingi wa majengo, baa 170 zenye maji yote zinashinda baa nyingi zenye maji nusu, kwa kuwa uchafu ukishabanduka ni maji yanayouondoa. Kinachokatazwa kabisa ni kukaza skrubu ya anloda ili "kuongeza nguvu". Skrubu hiyo haiongezi nguvu, inaondoa kinga.

Kama unataka kujua mpira wako unakula kiasi gani, nunua geji ya pili, ifunge mwisho wa mpira kabla ya bunduki, kisha soma zote mbili maji yakiwa yanatoka. Tofauti yake ndiyo hasara, ukiongeza au kupunguza hizo baa chache za kimo. Maji yakiwa yamefungwa geji zitalingana karibu kabisa hata mpira uwe mwembamba kiasi gani, maana maji yaliyosimama hayasuguani na kitu. Kwa hiyo muuzaji akikuonyesha geji bunduki ikiwa imefungwa, hajakuonyesha chochote.

Sabuni ina tabia yake. Kile kifyonza kinachofungwa baada ya pampu kinavuta dawa pale tu presha mbele yake inapokuwa ndogo; ndiyo maana unabadilisha nozo na kuweka nyeusi pana. Mpira mrefu unarudisha presha nyuma, na kifyonza kinagoma. Badala ya kukilaumu, kihamishe: kifunge mwisho wa kipande cha pili, karibu na anayeosha, na dumu la dawa liwe hapo. Kama dawa ni ya klorini, kisafishe kifyonza kwa maji matupu kabla ya kuzima, la sivyo springi na kile kigololi cha ndani havitamaliza mwezi.

Pwani kuna adui mwingine. Hewa ya chumvi, na maji ya chumvi ya visima vingi vya Dar es Salaam, huanzia pale ngozi ya mpira inapoishia na kichwa cha chuma kinapoanza. Kutu inaingia kwenye waya na kutambaa chini ya raba. Vichwa vya stenlesi au shaba nyeupe vinalipa gharama yake ndani ya mwaka. Oringi ni za senti tu. Zibadilishwe zikianza kudondosha tone, na zipakwe grisi ya silikoni. Ukiona ngozi imevimba karibu na kichwa, kata hapo na ubanwe upya, hata kama hauvuji.

Na tundu dogo likitokea katikati ya mpira, usilitafute kwa mkono. Maji ya baa 200 yanapita kwenye ngozi ya mtu hata kupitia glavu. Kidonda cha nje kinaonekana kama mchomo wa sindano na maumivu ya mwanzo huwa madogo, huku ndani maji machafu yameshasambaa kwenye mishipa na kano. Chukua kipande cha boksi ukipitishe kando ya mpira. Aliyepigwa apelekwe hospitali saa hiyohiyo, asisubiri kuvimba, na daktari aambiwe waziwazi kwamba ni maji ya presha kubwa yaliyoingia mwilini, pamoja na jina la dawa iliyokuwemo.

Jioni, mashine ikizimwa, mpira bado umebeba presha kutoka mwisho hadi mwisho. Bana bunduki mpaka maji yanyamaze, ndipo ufungue viungio.